Nilivyoshusha kolesteroli baada ya mwili wangu kushindwa kustahimili statini

Nilipozibuliwa mshipa wa moyo, daktari aliniambia kwamba kolesteroli mbaya, yaani LDL, ambayo kwangu ilikuwa milimoli 4.2 kwa lita, ilipaswa kushuka chini ya 1.4. Nilianzishiwa atovastatini, mojawapo ya statini, yaani dawa zinazozuia ini kutengeneza kolesteroli, na haukupita muda mrefu mapaja yote mawili yakaanza kuuma, maumivu mazito yaliyozidi kila nilipoinuka kwenye kiti kifupi au kupanda ngazi.

Daktari hakukimbilia kuilaumu dawa, na ninamshukuru kwa hilo. Alipima kreatini kinasi, ambayo huongezeka katika damu misuli inapoharibika. Akapima tezi ya thairoidi, kwa kuwa ikizembea huumiza misuli na papo hapo hupandisha kolesteroli. Kisha akauliza kuhusu kila dawa niliyokuwa nikitumia, kwani baadhi ya antibiotiki, kama klarithromaisini, huongeza kiwango cha statini mwilini. Yote yalikuwa sawa. Alinieleza pia utafiti wa SAMSON wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ambapo watu 60 waliokwisha kuacha statini walipewa kwa zamu statini, vidonge visivyo na dawa, au hawakupewa kidonge chochote. Takriban asilimia 90 ya usumbufu walioupata wakitumia statini waliupata pia wakimeza vidonge vitupu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli kabisa, ila kwa wengi chanzo hakikuwa kemikali ya dawa.

Kwa sababu hiyo nilikubali kujaribiwa upya. Kila jioni niliandika katika daftari mahali palipouma, ukali wa maumivu kuanzia 0 hadi 10, na kazi niliyofanya siku hiyo. Nilipoacha dawa maumivu yalitoweka; nilipopewa statini nyingine, rosuvastatini ya miligramu 5, tena kwa kuruka siku moja moja, yalirudi palepale. Naamini kila mgonjwa wa namna hii anastahili jaribio kama hilo, kwa maana hakuna kundi la dawa za kolesteroli lililothibitishwa kwa miaka mingi kuliko statini, na hata dozi ndogo inayostahimilika ina faida yake.

Tulihamia ezetimibi, ambayo huzuia kolesteroli isifyonzwe katika utumbo mwembamba, na LDL ikashuka hadi 3.4. Nilipunguza mafuta yanayoganda na kuongeza nyuzinyuzi. Hilo lilisaidia, lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo chakula peke yake hakitoshi. Ndipo ikaongezwa asidi ya bempedoiki. Nayo huzuia ini kutengeneza kolesteroli, kama statini, lakini huanza kufanya kazi baada tu ya kuamshwa na kimeng'enya ambacho misuli haina. Utafiti wa CLEAR Outcomes wa mwaka 2023, uliohusisha karibu watu 14,000 wasioweza au wasiotaka kutumia statini, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 13. Mapaja yangu yalitulia, na LDL ikafika 2.7.

Kwa kuwa lengo lilikuwa bado mbali, nilianza sindano ya alirokumabu. Hii huifunga protini ya PCSK9, ambayo huharibu vipokezi vya ini vinavyonasa LDL kutoka kwenye damu. Hujidunga mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya wiki mbili, na huitoa sindano kwenye jokofu mapema ili dawa isiingie ikiwa ya baridi. Ni dawa ghali, na inaniuma kuwa wengi wanaoihitaji hawaipati. LDL yangu sasa ni 1.2. Asidi ya bempedoiki inaweza kupandisha asidi ya yuriki na kuleta jongo, ugonjwa unaoumiza viungo, hivyo naendelea kupimwa damu, na kidole gumba cha mguu kikianza kuuma nimeagizwa nitoe taarifa mara moja.