Nimeitwa mbaguzi kabla sijamaliza sentensi

Jana nilibishana na rafiki yangu kuhusu sheria za baadhi ya majimbo ya Marekani zinazomtaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho chenye picha. Nikasema sioni ubaya. Papo hapo: "Wewe mbaguzi!" Nikachemka, nikamjibu kwamba Wademokrati wanaona rangi kila mahali. Basi, mjadala ukafa, tukabaki kurushiana matope.

Usiku nikasoma kuhusu Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, iliyokataza ubaguzi wa rangi kwenye kura, na jinsi Mahakama ya Juu ilivyoilegeza mwaka 2013. Kumbe hofu ya rafiki yangu, kwamba sheria za kitambulisho zitawazuia weusi kupiga kura, ina mizizi: Wamarekani weusi waliwahi kuzuiwa kwa mitihani ya kusoma na kodi ya kura, yaani malipo ya kuruhusiwa kupiga kura. Angeanzia hapo (nami ningefunga mdomo kidogo) tungeelewana. Nimemwandikia. Bado hajajibu.