Rangi ya ukutani na laki tatu za mpangaji wangu

Jumamosi iliyopita mpangaji wangu wa Tabata alinikabidhi funguo baada ya miaka miwili. Kabla hajapakia godoro kwenye kirikuu, tulipita chumba kwa chumba tukiwa na karatasi tuliyotia saini siku aliyohamia. Amana yake ilikuwa 300,000, sawa na kodi ya mwezi mmoja, na nilikuwa nimeitunza bila kuigusa, kwa kuwa naamini fedha hiyo ni ya mpangaji mpaka mwenye nyumba aonyeshe hasara.

Jambo hili lina uchungu wa zamani kwangu. Nilipokuwa nimepanga Kinondoni, mwenye nyumba wangu alichukua amana yangu yote kwa maneno mawili matatu, kwamba imeishia kwenye rangi, ilhali rangi ile niliikuta tayari imebanduka. Sikuwa na picha wala maandishi, nikaondoka mikono mitupu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolikuta, lakini haimbebeshi uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida. Kwa hiyo koki iliyolegea, nondo za dirishani zilizoanza kushika kutu na weusi wa moshi juu ya jiko sikuvihesabu. Nyumba huzeeka, na uzee huo umo ndani ya kodi niliyokuwa nikipokea. (Wenzangu wa Msasani na Kunduchi, ambako chumvi ya bahari hula chuma, wasimdai mpangaji kutu.)

Palipohitaji mazungumzo ni sebuleni. Mtoto wake alikuwa ameuchora ukuta kwa kalamu ya wino, mistari juu ya mistari, ikiishia pale mkono wake ulipofika, na sabuni haikuweza kuitoa. Fundi alitaka 160,000 pamoja na rangi. Wapo ambao wangekata zote. Mimi nilijiuliza rangi ile ingedumu muda gani hata kama mtoto asingeigusa, na kwa nyumba yangu huwa ni miaka minne. Aliikuta mpya, akakaa nayo miaka miwili, hivyo kilichoharibika ni nusu iliyobaki, yaani 80,000. Kumkata zaidi ya hapo kungekuwa kumtaka aninunulie rangi mpya badala ya rangi iliyokwisha kuchakaa.

Kitasa cha mlango wa mbele kilibidi kibadilishwe kwa sababu alipoteza funguo, nikamwonyesha risiti ya 35,000. Bili ya mwisho ya maji ya DAWASA ilikuwa 18,400. Jumla ya makato ikawa 133,400, zikabaki 166,600.

Ndipo akaniuliza kwa upole, "Mama, na kodi ya jengo je?" Tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa, ingawa mdaiwa ni mwenye jengo. Alikuwa amekatwa 1,500 kila mwezi kwa miezi 24, na mimi sikuwahi kumrudishia hata shilingi. Nilimwomba radhi, nikaongeza 36,000, na 202,600 zikaingia kwenye simu yake tukiwa bado tumesimama barazani. Tuliandika hesabu yote chini ya karatasi ile ile, tukatia saini, kila mmoja akaipiga picha.

Karatasi ya mpangaji ajaye nimekwisha kuiandaa, na safari hii kodi ya jengo ina mstari wake.