Saumu ya kwenye viroba na mboga zake

Watu wakiviona viroba vyangu vya kitunguu saumu uani hapa Arusha, swali la kwanza ni naokoa shilingi ngapi. Siokoi hela ya maana. Saumu sokoni ipo mwaka mzima, na nyumba ya kawaida haimalizi nyingi kwa wiki. Nilichokuwa natafuta ni ile ambayo sokoni ni nadra kuikuta: majani mabichi, halafu kitunguu kibichi ambacho bado kina maji. Kile kikavu ambacho wote tunakijua kinakuja mwisho. Punje moja inakupa viungo vitatu vyenye ladha tofauti kabisa, na kila kimoja kina chakula chake.

Mbegu nilinunua Soko la Kilombero. Mezani kulikuwa na vile vikubwa vyeupe vinavyotoka China, rahisi kumenya, na pembeni vile vidogo vilivyobana, bado vina vumbi la shamba.

“Mama shikamoo. Hivi ni vya Mbulu kweli?”

“Marahaba. Nusa mwenyewe, mwanangu.”

Nilinusa nikafungiwa vya Mbulu. Si uzalendo. Saumu ya nje mara nyingine hutibiwa isichipue ikiwa njiani au ghalani. Pia aina nyingi za nchi za baridi hungoja siku ziwe ndefu ndipo zitengeneze kichwa, na sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu unacheza kwenye saa kumi na mbili Januari hadi Desemba. Mbegu ya Mbulu imeshazoea nyanda za juu za huku huku.

Jambo la pili ni majira. Saumu inataka baridi ili kichwa kigawanyike punje, kwa hiyo napanda Mei, masika yakielekea ukingoni, ili Juni, Julai na Agosti ziikute ardhini. Dada yangu aliyeko Dar anapanda kwenye ndoo za rangi barazani. Kwa joto la kule haambulii kichwa cha maana, naye hana habari nacho. Anakula majani tu, na anapanda tena punje zikichoka.

Viroba vyangu ni vile vya unga vya kilo 25, nimevikunja mdomo hadi nusu na kuvitoboa chini maji yasituame. Ndani naweka ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, na mchanga kidogo. Kichwa nakibomoa siku ile ile ya kupanda, simenyi. Punje kubwa za pembeni zinaingia kwenye udongo, ndogo za katikati zinakwenda jikoni. Kitako chini, ncha juu, kina cha sentimita nne au tano, na kutoka punje hadi punje kama sentimita kumi. Juu natandaza nyasi kavu. Kumwagilia, natia kidole. Kikitoka kikavu ndipo nachukua kopo. Ni afadhali saumu ione kiu kidogo kuliko kukaa kwenye matope, kwa sababu matope yanaiozesha. Wale wadudu wembamba mno wanaojificha kwenye makutano ya majani na kuyaachia mabaka ya rangi ya fedha nawaosha kwa maji ya sabuni jioni, wakirudi nawaosha tena.

Kiroba kimoja nakibana makusudi, punje karibu karibu, kwa ajili ya majani. Kila jani unalokata ni chakula umekinyang'anya kichwa, ndiyo maana sikati ovyo kwenye vile vingine. Majani yakifika shibiri moja nayakatakata kama kitunguu cha majani, nayatupa kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, na kabla hayajalegea namimina mayai mawili yaliyopigwa na chumvi. Jiko nalipunguza. Harufu yake ni laini, haikugandi mdomoni ukienda kazini, na kwenye kipande cha kiazi kitamu cha jana inatosha kuwa kifungua kinywa.

Baadaye, majani ya chini yakianza njano, nachimbua vichwa vichache kabla ya wakati. Hapo ganda la punje bado ni laini. Nakiviringisha kichwa kizima kwenye karatasi ya foili nakizika pembeni ya makaa wakati maharage yanachemka. Kikitoka ukikiminya, nyama ya ndani inateleza nje kama ugali mlaini, tamu, haina ukali wowote. Nasaga na chumvi na ndimu, napaka kwenye viazi vya kuchemsha. Kwangu mimi hapa ndipo kazi yote inapolipa.

Vilivyobaki naviacha mpaka majani karibu nusu yakauke, na wiki mbili za mwisho maji nafunga. Nang'oa bila kuosha, nafunga mafungu, naning'iniza kivulini wiki mbili tatu hadi shingo ikauke kabisa. Ukikata shingo ikiwa mbichi, kuoza kunaanzia hapo hapo.

Saumu hii kavu naitumia kwenye mnafu. Saumu naitwanga kwenye kinu na kuiacha kando dakika kumi: ule ukali na harufu havimo ndani ya punje nzima, vinaundwa inapopondwa, na moto ukiwahi unaukatisha mchakato huo. Mnafu nauchemsha, nakamua maji machungu. Kitunguu maji kinaanza kwenye mafuta, kikilainika ndipo saumu, maana ikitangulia yenyewe inaungua na mboga yote inakuwa chungu. Mnafu unafuata, mwisho maziwa nusu kikombe, yapungue polepole.

Punje nyingine naziweka kwenye siki na pilipili. Mara nyingine zinageuka kijani, hata bluu, na mgeni asiyejua anaogopa. Ni asidi imekutana na vitu vya ndani ya saumu yenyewe, zinalika bila wasiwasi.

Ninachokataa ni saumu mbichi kukaa kwenye chupa ya mafuta juu ya kabati, hata jirani aniombe vipi nimtengenezee. Ndani ya mafuta hewa haifiki, na vijidudu vinavyoleta botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha mwili, vinatoka udongoni na kupenda mahali pa namna hiyo. Sumu yao haina lazima ya kunuka wala kubadilisha rangi. Ya kwangu naichanganya kidogo, inakaa friji, na ndani ya siku nne imekwisha au imemwagwa.