Siku moja maishani mwangu: kuitumia betri mahali inapostahili

Saa 11:00 alfajiri

Adhana ya alfajiri inapomalizika hapa Fuoni, ninatoka uani na kuishika plagi ya kuchajia gari kwa kiganja kabla sijaizima na kuichomoa. Ikiwa vuguvugu sina wasiwasi. Ikiwa ya moto kiasi cha kunifanya niondoe mkono, najua soketi imeanza kulegea na fundi umeme ataitwa siku hiyo hiyo, kwa sababu soketi ya kawaida ya nyumbani haikukusudiwa kubeba ampea 10 kwa saa tano mfululizo, usiku baada ya usiku. Ndiyo maana soketi hii niliiwekea waya wake peke yake kutoka kwenye mita, swichi yake ya kujikata, na athi iliyofukiwa vizuri ardhini. Chaji nimeipangia ianze saa 6:00 usiku. Jioni umeme wa mtaani huwa dhaifu kwa kuwa kila nyumba imewasha kitu, na betri yenyewe inahitaji kupoa baada ya shughuli za mchana kabla ya kujazwa upya.

Gari lenyewe ni Mitsubishi Outlander PHEV, yaani haibridi ya kuchomeka, inayotumia petroli na pia umeme wa soketi, ya toleo la mwanzo, aina iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, nalo liliingia Unguja likiwa limeshatumika huko, kama yalivyo magari mengi tunayoyaona barabarani. Lina injini ya petroli ya lita 2.0, mota mbili za umeme za kilowati 60 kila moja, moja mbele na moja nyuma, na betri ya kilowati-saa 12, yaani yuniti 12 kwa lugha ya mita zetu za Tukuza, zile za umeme wa kulipia kabla. Vipimo vya Japani viliahidi kilomita 60 kwa umeme mtupu. Betri iliyokwisha kula miaka haifiki huko, na hata ilipokuwa mpya sidhani kama ingefika katika joto letu. Mimi hupanga safari zangu kwa kilomita 35, na kwa hesabu hiyo siaibiki.

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji, za nyumba za wageni na za visima vya vijiji, hasa upande wa mashariki na kusini. Kwa hiyo siku yangu ina kilomita za aina tatu zisizofanana hata kidogo: za foleni ya mjini, za lami iliyonyooka, na za mawe na mchanga.

Saa 12:30 asubuhi

Leo ninaanzia Mwanakwerekwe, kuchukua mabomba na kumpitia mpwa wangu ambaye ndiye msaidizi wangu. Kilomita hizi chache ninazipa betri zote. Daladala inasimama pasipo na kituo, watoto wa skuli wanavuka, gari la ng'ombe limebeba mchanga na halina haraka na mtu, na sisi wengine tunakwenda mwendo wa mguu nyuma yake. Injini ya petroli hupoteza sana katika hali hii, kwani hunguruma muda wote huku gari halisogei, lakini mota ya umeme gari linaposimama nayo husimama kabisa. Madirisha yako wazi na kiyoyozi kimezimwa. Sababu yake nitaieleza nikifika kwenye mawe.

Saa 1:15 asubuhi

Tukishaipita Tunguu na barabara kufunguka, ninabonyeza kitufe kilichoandikwa Save, nacho huamuru gari lihifadhi umeme uliobaki na kutumia petroli. Wengi wenye magari ya namna hii hawakigusi. Huondoka nyumbani kwa umeme, wakaumaliza katikati ya lami nzuri, kisha wakaingia vijijini na kurudi foleni ya mjini kwa petroli tupu, halafu wakalalamika kwamba gari halina faida waliyoahidiwa.

Gari hili halina giaboksi ya kawaida. Mwendo ukiwa mdogo na umeme umekwisha, injini huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huo ndio unaozungusha mota. Njia ni ndefu na kila kituo kinatoza ushuru wake. Mwendo unapopita kilomita 65 hivi kwa saa, klachi hufunga na injini husukuma magurudumu ya mbele moja kwa moja bila kupitia kokote, na hapo ndipo petroli inapofanya kazi yake vizuri kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo lami kati ya Tunguu na Paje ni haki ya injini, ilhali foleni na mawe ni haki ya betri. Ukizigeuza haki hizo, umbali ni ule ule lakini mafuta yanazidi.

Mpwa wangu, ambaye usukani akiupata anapenda kuukimbiza, huniuliza kwa nini siendi mia ilhali njia iko tupu. Tukiweka kando trafiki, upo upepo. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo, maana yake ukitoka kilomita 80 na kwenda 100 kwa saa kizuizi hicho huongezeka kwa zaidi ya nusu, na gari refu lenye uso mpana kama hili hulipia ongezeko hilo lote. Tunachopata ni dakika chache tu, nazo tutazimaliza kumsubiri mwenye funguo za pampu.

Saa 2:00 asubuhi

Karibu na msitu wa Jozani kuna matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju wanaovuka barabara. Nyuma ya usukani wangu kuna vijiti viwili vya kuongeza au kupunguza nguvu ya mota kulivuta gari nyuma na kurudisha umeme kwenye betri, kuanzia B0, ambayo huliacha gari liteleze, hadi B5, ambayo hulishika karibu kama breki. Ninaiachia B0 kwenye lami iliyonyooka, na nikiyaona matuta ninapandisha hadi B5 mapema, kiasi kwamba mguu wangu haugusi breki. Wenzetu wa nchi za milima hujaza betri wakiteremka. Unguja kilele chake, pale Masingini, hakifiki hata mita 150, hivyo umeme wetu wa kurudishwa tunaupata kwenye matuta na kwenye vituo vya daladala. Ni kidogo, lakini pedi za breki ninabadilisha kwa nadra mno.

Saa 3:00 asubuhi

Paje, nyumba ya wageni. Vali ya chini ya bomba la kuvutia imeziba kwa mchanga. Tumeitoa, tumeisafisha, maji yamepanda, tumeondoka.

Saa 5:00 asubuhi

Kisima cha pili kiko upande wa Michamvi, mbali na lami, kwenye njia ambayo nusu yake ni mchanga na nusu ni mawe ya matumbawe yaliyochongoka. Hapa ndipo ninapouachia umeme niliouhifadhi. Ninapunguza upepo wa matairi kidogo, ninabonyeza kitufe cha magurudumu manne, na gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo huna haja ya kuikimbiza injini ndipo gurudumu lipande jiwe. Unaukanyaga mguu kwa unyoya, gurudumu la mbele kulia linapanda, linakaa juu kidogo, linashuka, na unasikia hata kokoto inavyosagika chini ya tairi. Hakuna shafti inayounganisha mbele na nyuma, kila upande una mota yake, na kompyuta hugawa nguvu kabla tairi halijaanza kujichimbia. Hata hivyo sijidanganyi: tumbo la gari hili halikuinuliwa kama la gari la jeshi, na yapo mawe ambayo ninashuka kuyatazama kisha ninapita pembeni.

Sasa nirudi kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi hakili umeme kwa kilomita bali kwa saa. Tuseme kinatumia kilowati moja: kwenye lami, kwa mwendo wa 60, yuniti moja itakupoza kwa kilomita 60, na hutaona tofauti kubwa. Kwenye mawe, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, yuniti hiyo hiyo imekupeleka kilomita 10 tu, na katika betri ambayo kila yuniti inakupa kilomita nne au tano, hiyo ni hasara inayoonekana kwa macho. Kwa hiyo tunakiwasha kwenye lami iliyo wazi na kukizima kwenye foleni na njia ya shamba, kinyume na anavyotaka mwili.

Bi mkubwa anayetunza kisima alikuwa ametusubiri chini ya mwembe.

“Shikamoo, bi mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Mmekuja na gari bovu? Sikulisikia hata kidogo, nimeshituka tu limesimama.”

Nilimweleza kwamba ni zima, linatumia umeme. Akaniuliza umeme wenyewe unapita wapi ilhali nguzo zimeishia kule, na mpwa wangu akamfungulia nyuma kumwonyesha soketi. Soketi hiyo inatoa hadi wati 1500, lakini ni ya volti 100 kwa kuwa gari ni la Japani, hivyo ukichomeka drili ya volti 230 itazunguka kwa unyonge au haitazunguka kabisa. Ninabeba transfoma ndogo ya kupandisha volti, nayo inatosha kuendesha drili, mashine ya kukata bomba, na kupimia pampu ndogo kabla ya kuizamisha. Zamani nilibeba jenereta iliyokula petroli yake yenyewe na kunukisha gari zima. Waliokuwepo Unguja ile miezi mitatu ya giza umeme ulipokatika, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wataelewa kwa nini soketi hii ndiyo kitu cha mwisho ambacho ningekubali kukiacha.

Tukirudi lamini tunajaza upepo upya kwa pampu ya gari kabla ya kuongeza mwendo. Tairi laini kwenye lami hupata joto na huongeza matumizi ya mafuta, na kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Saa 7:30 mchana

Swala, kisha wali na samaki wa nazi. Mwenye hoteli tuliyoitengenezea pampu ya bustani aliniruhusu kuchomeka gari wakati tunakula na kumalizia kazi, na kwa saa mbili nilipata yuniti nne hivi. Nilizipunguza kwenye ankara yake. Yeye alicheka, lakini umeme wa mtu ni mali ya mtu, na ninataka kuruhusiwa tena.

Saa 9:30 alasiri

Njiani kurudi mpwa wangu alikiona kitufe kingine, Charge, kinachoiamuru injini ijaze betri huku tunakwenda.

“Mjomba, si tukibonyeze hiki, tufike mjini betri imejaa?”

Nilimwambia afikirie petroli inapita wapi: inachomwa, inazungusha jenereta, inaingia kwenye betri, inatoka kwenye betri, inazungusha mota, na kila hatua inapoteza kitu. Ukitaka umeme wa soketi mahali pasipo na nguzo, kitumie bila kusita. Ukitaka kubana matumizi, kiache. Zile yuniti nne za hotelini tulizihifadhi kwa Save hadi Tunguu, na zilitosha kutuvusha foleni ya jioni hadi nyumbani.

Saa 11:00 jioni

Sheli. Tangi lina ujazo wa lita 45 lakini silijazi hadi juu, kwani mafuta yakikaa sana huchakaa. Gari lenyewe linalijua hilo: likikaa miezi mitatu hivi bila kutiwa mafuta ya kutosha, injini huwaka yenyewe ili yatumike.

Dashibodi inasema leo nimetumia lita 5 na kidogo kwa kila kilomita 100. Namba hiyo inapendeza, na watu huipiga picha na kuituma, ila haihesabu hata yuniti moja ya umeme. Mimi ninaandika mambo mawili katika daftari, lita na yuniti. Kwa njia zangu na uzito wa mabomba yangu, yuniti tatu hivi hufanya kazi ya lita moja. Kwa hiyo kila ZURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar, inapotangaza bei za mwezi za mafuta, swali langu ni moja: je, bei ya yuniti moja bado iko chini ya theluthi ya bei ya lita? Hadi leo iko chini kwa mbali. Ikija siku ikapanda juu ya hapo, nitaacha kuchaji na kuendesha gari hili kama haibridi nyingine yoyote.

Saa 12:15 magharibi inaadhiniwa

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapiga maji baridi chini ya gari na kuukausha mlango wa kuchajia kwa kitambaa. Chumvi ya pwani haimwachi mtu.

Saa 2:30 usiku

Barzani, Maalim ambaye anakaa kwenye maflati ya Michenzani aliniuliza kama anunue la namna hii, maana ameona moja linauzwa kwa bei nzuri. Nilimuuliza gari lake la sasa linalala wapi. Akasema chini, barabarani, na yeye yuko ghorofa ya nne.

“Basi, Maalim, usinunue hili. Utabeba betri nzito kila siku na huna pa kuichomeka. Tafuta haibridi ya kawaida.”

“Na nikihamia kiwanja changu cha Tunguu?”

Nilimwambia akishapata mita na uzio tutazungumza upya, na kwamba siku ya kwenda kuliangalia gari tutakwenda pamoja, kwanza tukalijaze betri kabisa, kisha tuliendeshe kwa umeme tu hadi injini iwake, ndipo tutajua ni kilomita ngapi anazouziwa.