Rangi ya zamani siigusi tena

Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ya baiskeli ya Raleigh iliyonifikia kutoka Sikonge imegongwa alama: AW, kisha 58, kisha 9. Nilizipapasa kwa kidole kabla sijaziona kwa macho, maana zilikuwa chini ya tope la mafuta lililoganda kama lami. AW ni gia za kampuni ya Sturmey-Archer, zile za mwendo wa aina tatu. 58 ni mwaka na 9 ni mwezi. Kwa hiyo habu hii ilitengenezwa Nottingham, Uingereza, Septemba 1958. Mimi nilizaliwa 1955. Ni mdogo wangu kwa miaka mitatu, na bado anazunguka.

Hapa nyumbani Tabora ninazo baiskeli 11 chini ya bati, uani: Raleigh nne, Phoenix tatu, Swala mbili zile zilizotengenezwa Dar es Salaam, BSA moja, na Humber moja ambayo foki yake ina miguu miwili kila upande. Nilianza kuzikusanya nilipostaafu reli mwaka 2015. Nilikuwa fundi, na mikono iliyozoea spana haikai bure. Lakini si hilo tu. Nilipokuwa mtoto, mkulima wa tumbaku akilipwa msimu ukiisha, kitu cha kwanza alichokileta nyumbani ni baiskeli. Tulikuwa tunaikimbilia hadi njiani. Baba yangu hakuwahi kuipata yake.

Hizi za Raleigh zina mambo yake. Bakuli la goroli pale pedeli zinapofungwa lina meno 26 kwa inchi, wakati baiskeli nyingine za Kiingereza zina 24. Kwa macho huoni tofauti. Ukichukua bakuli la dukani ukalilazimisha, linaingia mizunguko miwili, linakwama, na linakula meno ya fremu. Nimeletewa fremu tatu zilizouawa hivyo. Kwa hiyo bakuli la Raleigh likiwa zima silitupi hata liwe na kutu, nalisafisha na kulihifadhi kwenye kopo lake. Tairi hazinisumbui. Phoenix zinatumia 28 kwa 1½ ileile, basi sokoni zipo.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kung'oa kotapini, kile kipini kinachoshika mkono wa pedeli kwenye ekseli. Kinaweza kuwa kimekaa miaka arobaini bila kuguswa. Nakilowesha mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili siku tatu. Nati naiacha imefungwa, iwe sawa na ncha ya pini, ili nyundo isiharibu meno. Halafu chini ya mkono wa pedeli nasimamisha kipande cha bomba nene, kichwa cha pini kikae katikati ya tundu. Hapo pigo linakwenda sakafuni. Ukipiga bila kuegemeza, goroli ndizo zinazoumia, zinachimba vishimo ndani ya bakuli. Piga moja, nzito. Vijana wanagongagonga vidogo vidogo, pini inapinda, kisha wanakata kwa msumeno. Pini ya Sikonge ilitoka kwa pigo la pili, na mlio wake hubadilika inapoachia. Ukiusikia mara moja hutausahau.

Ile habu waliniambia imekufa, gia haziingii. Haikuwa imekufa. Mtu aliijaza grisi. Ndani yake mna gia ndogo nne zinazozunguka gia moja ya katikati, na vidole vidogo vya chuma vinavyosukumwa na springi nyembamba kuliko unywele wa singa. Grisi ikiganda, vidole haviinuki. Ganda la habu lina kitundu chenye kifuniko, na pale panahitaji matone machache ya oili nyepesi, basi. Niliifungua juu ya shuka jeupe nisipoteze springi, nikaosha kila kipande, nikarudisha. Sasa mwendo wa kati unakwenda sawa na mzunguko wa gia ya nyuma inayoshika mnyororo, mwepesi unapunguza robo, mzito unaongeza theluthi. Kwa njia zetu za mchanga huo mwepesi ni rehema.

Rangi ya fremu sijaigusa, na sitaigusa. Nieleze kwa nini.

Mwaka 2017 nilinunua Raleigh sokoni, nyeusi iliyochakaa, keria yake imeongezwa nondo mbili za kubebea madebe. Kwenye madigadi ya nyuma palikuwa na maandishi meupe ya brashi, herufi zimelala huku na huku. Mwanzo yalisema "Mali ya". Jina sikulisoma sawasawa, sikuona umuhimu. Nikachukua msasa nikasugua mpaka chuma kikawa cheupe, nikapaka nyeusi mpya inayong'aa. Nikaiegemeza mbele ya nyumba, watu waione.

Baada ya miezi kadhaa akapita mama mmoja wa makamo, akasimama. "Shikamoo baba." Nikaitika, nikamkaribisha. Akaishika keria, akazihesabu zile nondo kwa mkono. Akasema hii ni baiskeli ya baba yake, mrina asali, nondo zile zilichomelewa kwa ajili ya madebe ya asali. Kisha akazunguka nyuma akainama.

"Baba, maandishi yako wapi?"

Baba yake alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ya sabini. Jina lile kwenye madigadi aliliandika mwenyewe, na lilikuwa jambo la kwanza kuliandika nje ya daftari. Watoto wake walimshikia taa wakati anaandika.

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia nimeyafuta mimi. Nikamwambia aichukue baiskeli, bure. Akakataa, akasema kwake hakuna wa kuiendesha. Aliipiga kengele mara mbili, akanywa maji, akaaga. Usiku ule niliuwasha mshumaa nikachungulia madigadi kwa ubavu, nikitumaini herufi zimebaki kama makovu chini ya rangi. Hazikubaki.

Mwaka jana akanipigia simu. Baba yake mdogo amefariki, ameacha Raleigh, wameiweka ghalani. "Njoo uichukue, baba, lakini hii usiisugue." Ndiyo hii ya gia tatu. Ina kibati cha leseni ya baiskeli kilichofungwa kwa waya chini ya siti, na uzi wa buluu umeviringishwa kwenye usukani pale mkono wa kulia ulipokuwa unashika. Naifuta kwa kitambaa laini chenye oili kidogo. Kutu ya usukani naitoa kwa karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, iliyoloweshwa maji, polepole, nikiuzunguka ule uzi.

Mwezi ujao naipakia juu ya basi hadi Sikonge, nishuke nayo njia panda, nimalizie kwa pedeli mpaka nyumbani kwa yule mama. Imebaki kengele tu, springi yake imelegea. Leo jioni naifungua.