Swali kwanza, asilimia baadaye

Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, takwimu za dini ya Wamarekani huzagaa kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma. "Wameacha kanisa." "Wakristo wa kule hawajali tena maadili." Asilimia inatajwa, swali lililoulizwa halitajwi, na hapo ndipo watu wanapopotoshwa.

Kuna mfano mmoja ambao kila anayehubiri au kufundisha uraia angepaswa kuujua. Mwaka 2011 PRRI, taasisi ya Marekani inayotafiti maoni ya watu kuhusu dini na siasa, iliuliza: kiongozi wa kuchaguliwa aliyetenda uovu katika maisha yake binafsi, je, bado anaweza kuwa mwadilifu katika kazi ya umma? Kati ya Wainjilisti weupe, yaani Wazungu Waprotestanti wa makanisa ya kiinjili, asilimia 30 walisema anaweza. Swali likarudiwa Oktoba 2016, Donald Trump akiwa mgombea, wakafika asilimia 72. Mafundisho ya kanisa hayageuki hivyo kwa miaka mitano. Naamini kilichogeuka ni sura ya mgombea aliyemjia mhojiwa kichwani alipokuwa akijibu. Lakini tusiwabebeshe Wainjilisti peke yao: Wamarekani wote kwa jumla walipanda kutoka asilimia 44 hadi 61.

Utajuaje kwamba pengo hilo si bahati tu ya sampuli? Piga hesabu. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu wanaleta makosa ya takriban asilimia 3 juu au chini. Kundi dogo ndani yao, tuseme watu 140, makosa yanapanda hadi 8. Kwa hiyo kundi hilo likitoka 60 kwenda 66, hakuna habari hapo. Kutoka 30 kwenda 72 ni habari.

Halafu tazama nani alikuwa anasikiliza. Mwaka 2014 PRRI hiyohiyo iliuliza kuhusu mahudhurio ya ibada: kwa simu, asilimia 36 walisema huenda kila wiki, kwenye intaneti, ambako hakuna mdadisi wa kumwonea haya, asilimia 31.

Na "wameacha kanisa"? Gallup, shirika la kura za maoni, ilikuta mwaka 2020 kwamba asilimia 47 ya Wamarekani ni washirika wa kanisa, sinagogi au msikiti fulani. Pew, kituo kingine cha utafiti, kwa utafiti wa 2023 na 2024, ikakuta asilimia 62 wanajitambulisha kuwa Wakristo. Yote mawili ni kweli. Kuandikwa kwenye daftari la usharika ni jambo moja, kujiita Mkristo ni lingine.

Maswali kuhusu staha katika siasa ndiyo dhaifu kuliko yote, maana nani atakataa kwamba staha ni njema? Afadhali kutazama vitendo. Sisi majirani wa Bunge tumezoea kusikia mbunge akitakiwa afute kauli. Septemba 2009 mbunge Joe Wilson wa chama cha Republican alimpigia kelele Rais Obama wa Democratic akihutubia Kongresi, kwamba anasema uongo. Baraza la Wawakilishi lilimkaripia kwa kura 240 dhidi ya 179, na isipokuwa wachache, kila mmoja alifuata chama chake.

Tafiti hizi zina uzito mkubwa kwa sababu sensa ya Marekani haiulizi dini. Sheria ya 1976 inakataza kumlazimisha mtu kuitaja. Yetu pia haijauliza tangu ile ya 1967. Ukiletewa ujumbe kwamba sensa ya 2022 imeonyesha Waislamu ni kadhaa na Wakristo ni kadhaa, usiusambaze: dodoso halikuwa na swali hilo.