Hatari iliyojificha ukutani
Nilipoamua kuweka akiba yangu katika ukarabati wa jengo la kale lililoorodheshwa kuwa urithi, nilidhani hatari kubwa ni kukosa wapangaji. Kumbe ilikuwa imejificha ukutani. Fundi alipobandua lipu ya saruji iliyopigwa juu ya ukuta wa mawe na chokaa, mchanga uliolowa ulimmwagikia mikononi, kwa kuwa saruji huzuia unyevu usitoke, nao hubaki ndani ukiidhoofisha chokaa. Kazi ilisimama tukisubiri kibali kipya cha uhifadhi, ilhali riba ya mkopo haikusimama hata siku moja. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimepima uwezekano wa hasara bila kupima uwezo wangu wa kuibeba, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Tena fedha iliyozama katika jengo la namna hiyo haitoki haraka, maana wanunuzi ni wachache na masharti ya uhifadhi hayamruhusu mwenye nyumba kubadilisha apendavyo. Jengo lenyewe bado nalipenda kwa dhati. Siku hizi akiba ya dharura naitenga na mradi, na ukaguzi wa kuta naulipia kabla sijatia saini popote.